Sebule ya kwenye kompyuta haina uhai? Anza na jua la kwenu

Habari zenu wadau. Leo nataka tuongelee hizi picha za ndani ya nyumba tunazotengeneza kwenye kompyuta, zile unamchorea mteja sebule yake kabla hata lipu haijapigwa. Naona vijana wengi sahivi mnaingia kwenye hii kazi na nikiangalia picha zenu naona yale yale niliyokua nakosea mimi miaka ya mwanzo, na inaniuma mana hakuna aliyeniambia mapema. Mi nipo Mtwara mjini, natumia Blender kwa sababu ni ya bure, ila haya nnayosema yanafanya kazi hata kama unatumia programu nyingine.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, alikua anajenga Mikindani. Nlikesha siku nne kwenye sebule yake: taili zinang'aa kama maji, sofa nimeshusha kwenye maktaba ya intaneti, vitaa vya njano kila kona ya jipsam, nikaona hapa nimemaliza kabisa. Nikaenda, nikamwamkia, nikafungua laptopu mezani. Akaiangalia mda mrefu bila kusema kitu, afu akaniambia, "Mwanangu, nzuri. Ila humu hajaingia mtu bado. Na hili jua umelitoa wapi?"

Nikarudi nyumbani na hayo maneno mawili, na mpaka leo kila ninachokijua kwenye hii kazi kimetokana na hayo.

Tuanze na jua. Mimi nlijifunza kwa video za watu wa Ulaya, na kule ukitaka mwanga mzuri ndani unaweka jua upande wa kusini, basi na mimi nikaweka kusini. Sasa Mtwara tupo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwaiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi kama tarehe 20 Oktoba jua la mchana linakaa upande wa KASKAZINI kwetu, hiyo ni kama miezi nane ya mwaka. Kibaraza cha yule mama kinaangalia kaskazini. Kwenye picha yangu kibaraza kina ubaridi mzuri na jua linaingilia dirisha la jikoni, na yeye amekaa huku kwetu miaka yote anajua mwezi wa 6 jua linampiga wapi, hakuhitaji kusoma kitu chochote kujua picha inadanganya. Jicho la mtu linajua jua la kwao hata kama mdomo hauwezi kueleza, anachoona yeye ni kwamba kuna kitu hakijakaa sawa.

Na siyo swala la uzuri wa picha tu. Mwezi wa 6 saa sita mchana jua letu linakua kwenye kimo cha kama nyuzi 56, mana ake paa likitokeza mita 1 linatupa kivuli kama mita 1 na nusu kushuka ukutani, hapo kwa dirisha refu sehemu ya chini bado inapigwa na jua. Mwezi wa 12 jua limehamia kusini na limepanda hadi nyuzi 77 hivi, karibu utosini, linaingia ndani kidogo sana. Yule mama baada ya kuona picha ya pili yenye jua sahihi aliongeza upana wa kibaraza chake, kabla fundi hajaezeka. Picha ikiwa ya kweli inaokoa hela ya mtu, ndo mana nalichukulia hili jambo kwa uzito.

Kwenye Blender kuna nyongeza inaitwa Sun Position, unaandika latitudo -10.27 na longitudo 40.18, kanda ya saa (tofauti na saa ya dunia, UTC) unaweka +3, unachagua tarehe, jua linakaa lenyewe mahali pake. Ila angalia saa, sisi tunasema saa tatu asubuhi lakini mle unaandika 9, ukiandika 3 jua litakua bado chini ya ardhi, chumba kitakua giza na utahangaika kutafuta kosa lipo wapi. Na kabla ya yote hakikisha umejua kaskazini ya kiwanja, nenda na simu yako mwenyewe kiwanjani ukapime, usikubali kuambiwa "kaskazini ni huku kwa barabara".

Kingine kwenye jua ni ukubwa wake. Watu wanataka kivuli laini basi wanalikuza jua hadi nyuzi 5, hapo ushatengeneza siku ya mawingu. Jua halisi lina upana wa kama nusu nyuzi tu, liache hapo hapo. Nenda kakae sebuleni kwenu saa mbili na nusu asubuhi uangalie kivuli cha nondo za dirisha sakafuni: karibu na dirisha mstari umekatika kama kisu, ila kile kivuli kilichosafiri mita mbili ukingo wake umesambaa karibu sentimita 2, na nondo yenyewe ina milimita 12, kwaiyo mstari unakua umefifia hadi unataka kupotea. Hiki kitu mimi nikikiona kwenye picha naamini hapo hapo. Na cha ajabu watu hawaweki nondo kabisa! Madirisha mengi ya Mtwara na Lindi yana nondo na neti ya mbu, wewe unachora kioo kitupu kama ghorofa la Dubai afu unashangaa mteja haoni kwake. Weka nondo, weka neti, neti inakula mwanga na kufanya nje kuonekane kama kuna ukungu kidogo, na hapo hapo sebule inageuka kua ya huku.

Mwanga wa kurudi nao usiusahau. Ndani ya chumba mwanga mwingi hautoki kwenye jua moja kwa moja, unatoka angani na kwenye ardhi ya nje ukarudi juu darini. Mtu anaweka picha ya anga ya nyuzi 360 (kwenye tovuti ya Poly Haven zipo nyingi za bure na unaruhusiwa kuzitumia hata kwenye kazi ya kulipwa) afu chini ya nyumba hajaweka ardhi kabisa, nyumba inaelea. Weka ardhi, na uipe rangi yake. Nlifanya nyumba moja Newala, ule udongo mwekundu wa kule ukipigwa na jua dari jeupe linachukua uwekundu kidogo karibu na dirisha. Ukijenga karibu na pwani kwenye mchanga mweupe ni tofauti kabisa, dari linang'aa. Huwezi kuongeza hiyo rangi kwa mkono ikatokea vizuri, ila ukiweka ardhi sahihi kompyuta inakufanyia.

Hapo hapo niseme kuhusu rangi nyeupe, mana hili limeniharibia kazi nyingi. Kwenye programu rangi inapimwa kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 1, nyeupe kabisa, na ukuta mweupe usiuweke 1. Hakuna rangi ya ukutani inayorudisha mwanga wote, rangi nyeupe mpya inarudisha kama asilimia 80 na kitu, basi weka 0.8. Ukiweka 1 mwanga unaruka ukuta hadi ukuta haupungui, kona zote zinakosa kivuli na chumba kinakua kama ndani ya maziwa. Nyeusi nayo vile vile, usiweke 0, hata mpingo una mwanga kidogo unaurudisha.

Taa za usiku, kwa kifupi. Nyumba zetu nyingi zina taa nyeupe za LED za Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), siyo zile za njano za 2700 unazoziona kwenye picha za Ulaya, muulize mteja ananunua ipi. Na wati za kwenye Blender siyo wati za kwenye boksi la balbu, ile ni nguvu ya mwanga wenyewe, kwaiyo balbu ya LED ya wati 9 ukiandika 9 umezidisha sana.

Sasa lile neno la pili, "hajaingia mtu". Hili lilinichukua mda zaidi. Nilichofanya, nlimuomba yule mama nikakae kwenye nyumba aliyokua amepanga, kule Chikongola, saa nzima asubuhi, na futi ya kupimia na simu. Nikaona vitu ambavyo nisingevifikiria nikiwa kwenye kompyuta. Mto wa sofa anapokaa yeye umebonyea kuliko mingine. Pazia halijaning'inia sawa sawa, upande mmoja limesukumwa na kufungwa fundo kwa ajili ya upepo. Waya wa ekstensheni unapita nyuma ya meza ya tivii. Ukuta karibu na swichi umechafuka kidogo kwa mikono. Kingo za meza ya mninga zimelainika. Taili zina mistari ya grauti ya milimita 3 hivi, na taili moja na nyingine haziko sawa kabisa kwaiyo ukiangalia mwanga wa dirisha sakafuni unaona unakatika katika kwenye kila taili, siyo kioo kimoja kikubwa kama nlivyokua nafanya mimi.

Kwaiyo hivi ndo nafanya sahivi. Kila kitu chenye kona navunja kona, milimita 1 hadi 3, kama seremala anavyovunja kona ya mbao kwa msasa, mana hakuna kona kali kabisa duniani na ile kona iliyovunjwa ndo inakamata mstari mwembamba wa mwanga. Taili nazichezesha kila moja kwa pembe ndogo mno, chini ya nusu nyuzi. Kwenye rafnesi, yani namba ya kusema kitu kinang'aa au kimefubaa kiasi gani, siachi namba moja kwa kitu kizima, naweka picha ya madoa madoa ili sehemu ing'ae na sehemu ifubae, hasa meza na sakafu. Vipimo nafata vya dukani, taili ni sentimita 40 au 60, mlango mita 2.1, ukikosea kipimo cha teksicha ya mbao (ile picha ya mbao unayobandika juu ya umbo) hata mtoto ataona meza imekua ya midoli.

Vitu vya kwetu kwenye maktaba za intaneti hakuna vingi, hilo lazima ulikubali na uvitengeneze. Mkeka nlipiga picha mwenyewe: kivulini, siyo juani, simu imelala sawa juu yake, na futi pembeni ili nijue kipimo. Vitambaa vya kufuma vya kwenye makochi, kanga, jamvi, vyote vivyo hivyo. Vinyago vya Kimakonde nilijaribu kuvipiga picha nyingi kuzunguka ili programu itengeneze modeli, mpingo uliopigwa rangi ya viatu unasumbua mana ule mng'ao unahama kila ukisogea na programu inachanganyikiwa, subiri siku ya mawingu au nyunyizia poda ya mtoto nyembamba uifute baadae, kwa ruhusa ya mwenye kinyago lakini.

Kamera msizidishe. Lenzi ya mm 15 inafanya chumba cha mita 3 kwa 3 kionekane ukumbi, mteja akija kuingiza kitanda analia. Mi sishuki chini ya mm 24, kamera kwenye kimo cha mita 1.2 hadi 1.4, na isiinamishwe, kuta zisimame wima, ukitaka kuona juu au chini tumia shifti, ile ya kusogeza picha juu au chini bila kuinamisha kamera. Kwenye rangi acha AgX, ule mpangilio wa kugeuza mwanga kua rangi za kwenye kioo, ambayo ndo inakuja yenyewe kuanzia Blender 4.0, na dirisha likiwaka jeupe kidogo usiogope, hata kamera ya kweli inafanya hivo.

Wenye laptopu dhaifu kama yangu ya ramu ya GB 8, renda (yani iache kompyuta ikokotoe picha ya mwisho) usiku na uinue laptopu ipate hewa, sampuli 300 hivi (mara inazopima mwanga kwa kila nukta ya picha) afu kifuta chenga, yani denoiser, kimalizie. Ila ukipunguza sampuli sana kile kifuta chenga kinafuta na ukili wa mkeka, unabaki na kitu kama plastiki, kwaiyo angalia mkeka wako kwanza kabla hujatuma.

Picha ya pili nlimpelekea yule mama baada ya wiki tatu. Hakusema imependeza. Akanyoosha kidole kwenye kioo cha laptopu, akasema, "Hili kochi lisikae hapa, jua la saa nne litanichuja kitambaa," tukalisogeza hadi ukutani pale pale kwenye laptopu tukiwa wote tumekaa.

Sahivi napambana na nyumba ya zamani Mikindani, kuta za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Ushauri kwa atakayepata kazi kama hiyo: usichore ukuta bapa ukabandika picha ya chokaa. Chora unene wote, mana dirisha linakua kama kijishimo na mwanga unateleza kwanza kwenye ule ubavu wa ndani ndo uingie chumbani, na ukuta wenyewe usiunyooshe, unabonyea na kuvimba sentimita moja mbili kila mahali. Mimi nimepiga picha ubavu wa dirisha moja kila nusu saa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita, picha 11, nazipanga pembeni ya renda yangu na nafananisha moja moja. Ya saa moja na ya saa mbili zimekubali. Ya saa nne bado.