Usitupe Maboksi ya Juisi, Ila Yaoshe Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Kimara kaniandikia: "Dada, tumemaliza sendofu ya mdogo wangu, nimebakiwa na maboksi ya juisi zaidi ya 40. Naona uchungu kuyatupa. Nipe mawazo."

Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mimi nami nilianzia hapohapo, baada ya ubatizo wa mwanangu. Vijana wanaookota chupa mtaani kwetu walijaza viroba vyao, maboksi wakayaacha yamezagaa uani. Nikamuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu, "Mama, hayo mzani hauyataki."

Baadaye ndiyo nikaelewa. Boksi la juisi si karatasi tupu: robo tatu hivi ni karatasi, iliyobaki ni plastiki na utando mwembamba wa alumini, vyote vimegandana. Kuvitenganisha ni kazi ya kiwanda. Ndiyo maana mengi yanaishia mtaroni, yenye bahati yanafika dampo la Pugu.

Basi nikaanza kushona pochi. Unalipasua boksi kwenye mshono wa nyuma, unalifungua likalala kama chapati, unalikunja, unapitisha cherehani, sindano namba 16. Gundi ya karatasi usihangaike nayo, haishiki juu ya plastiki. Ndani linang'aa kama fedha. Niliuza Mwenge, niliuza kanisani, nikajiona mjasiriamali kamili. Wifi yangu, aliyekuwa akiniita "mama jalala" mbele za watu, akaja kuomba mbili za kwenda nazo kazini. Nilimpa. Na nilimtoza.

Kisha shule moja ikaagiza vikasha 60 vya kuwekea kalamu. Hapo hukunjui boksi, unakata nusu ya chini na kuifunika kitenge. Nilikesha siku nne. Wiki haijaisha, mwalimu kapiga simu: sisimizi. Maboksi nilikuwa nayasuuza tu, kumbe kwenye zile pembe za chini juisi ya embe ilikaukia. Vikarudi vyote 60 ndani ya kiroba, vikamwagwa mbele ya geti langu, majirani wanatazama. Kianzio nikarudisha kwa kukopa. Hata leo nikipita barabara ya shule ile naangalia upande wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuosha. Kunjua yale masikio ya chini, sugua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani. Wa pili pia ni kuosha.

Siku hizi naotesha zaidi miche. Kata boksi, toboa matundu matatu kitakoni, jaza udongo na samadi, panda pilipili au nyanya. Linavumilia maji mpaka mche ukomae. Ukihamishia bustanini litoe, maana ile plastiki haiozi.

Sasa niseme, mkasirike msikasirike. Kila siku mnaniuliza mtaji, mtaji, huku mnanunua viriba vya miche dukani na maboksi mnampa mzoa taka ayabebe kwa hela yenu. Mnasubiri semina? Mimi sikuhudhuria yoyote. Nilikuwa na mkasi, cherehani ya mama na aibu ya kutosha.

Wewe wa Kimara, anza na matano. Hayo mengine yaoshe leo kabla jua halijazama, na kama sendofu mlikunywa ya embe, rudia mara mbili.