Saa 24 si za dereva mmoja
Shangazi, usiogope: kijana wako anayetamani Le Mans, mbio za magari za saa 24 huko Ufaransa, hatoendesha saa zote hizo peke yake. Le Mans gari moja huendeshwa kwa zamu, siku hizi na madereva watatu, na kanuni haimruhusu yeyote kupindukia saa 4 ndani ya saa 6. Kasi tu haitoshi. Anayetafutwa ni yule anayemkabidhi mwenzake gari zima, breki na matairi bado vina uhai. Dereva Tom Kristensen wa Denmark alishinda mbio hizi mara 9, na ile ya kwanza, 1997, aliitwa siku chache tu kabla ya mbio! Kijana wako aanzie gokati (vigari vidogo vya mbio) Nairobi wakati wa likizo za skuli. Na Kiingereza akikazanie, maana dereva huzungumza na mainjinia kwa redio usiku kucha.