Figo ya nguruwe kwa mgonjwa Muislamu

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Kaka yangu yuko Marekani, mwaka wa tatu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wamemgusia figo ya nguruwe aliyebadilishwa jeni. Anasema bora afe kuliko kusali na nguruwe mwilini. Je, akishabadilishwa jeni bado ni nguruwe?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Allah amponye. Nimekaa na mgonjwa wa figo anayepimiwa maji kwa kikombe cha kahawa, kiu imemkausha midomo, kwa hiyo silichukulii swali lako kijuujuu.

Bado ni nguruwe. Figo ya nguruwe aliyowekewa mgonjwa Richard Slayman huko Boston, Machi 2024, ilifanyiwa mabadiliko 69: jeni tatu zinazotengeneza sukari ambayo miili yetu huishambulia ziliondolewa, saba za binadamu zikaongezwa, na virusi vilivyojificha ndani ya jeni vikazimwa. Hayo ni kuzuia mwili usiikatae na maradhi yasihame. Wapo wanaoifananisha na mvinyo uliogeuka siki ukawa halali. Mimi sikubaliani nao.

Ruhusa naiona katika aya ile ile inayoharamisha nyama ya nguruwe, al-Baqara 173: aliyefikwa na dharura, bila kutamani wala kupita kiasi, hana dhambi. Na Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, amesema aliyeungwa mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara ana udhuru. Basi sala ya kaka yako itasihi. Kwani sisi sote si tunasimama mbele ya Mola wetu na damu mishipani na mkojo kibofuni? Kilicho ndani hakioshwi.

Lakini dharura ina mipaka. Slayman hakufikisha miezi miwili baada ya kuwekewa figo hiyo. David Bennett, aliyewekewa moyo wa nguruwe Januari 2022, aliishi miezi miwili, na virusi vya nguruwe vilionekana mwilini mwake. Kama kusafishwa damu bado kunambeba, au figo ya mtu inapatikana, asikimbilie hii. Madaktari waaminifu wakisema hana njia nyingine ya kuishi, akubali, moyo wake utulie. Na neno la "bora afe" aliache. Nafsi yake ni amana.

Nawe dada yangu, hukuniambia: ndugu zake mmeshapimwa, mkajua nani figo yake inamfaa? Anzeni hapo.

Wallahu aalam.