Wenzangu gereji wananiita Mlokole

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 20, najifunza ufundi wa magari kwenye gereji moja hapa Mwanza, na naimba kwaya ya vijana kanisani. Jumamosi tukishalipwa wenzangu huenda kunywa, na nikikataa wananiita Mlokole. Hilo nimelizoea. Linaloninyima usingizi ni jingine. Mteja akileta gari kubadilisha pedi za breki, mara nyingine wanazipiga msasa zile zile kuukuu, wanazirudisha, halafu anatozwa bei ya mpya. Hela wanagawana. Wiki iliyopita walinitia elfu tano kwenye mfuko wa ovaroli wakasema, “Hiyo ya kufunga mdomo, Mtumishi.” Sijaitumia. Nikisema nitafukuzwa, na sina cheti chochote. Nikinyamaza, Jumapili nitaimbaje?
Fundi mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeandika kwa mtu ambaye mume wake ameendesha lori miaka mingi. Kila alipokuwa anashuka mlima Sekenke na mzigo, maisha yake yalikuwa mikononi mwa fundi ambaye mimi simjui. Kwa hiyo bia nitaigusa kidogo tu. Breki ndiyo kesi.

Ya Jumamosi: kama unaweza kukaa nao nusu saa, kunywa soda yako, kula nyama yako na kuaga, kaa. Kama unajijua utashindwa, usiende, wala usijieleze sana. Wakikuita Mlokole, itika.

Sasa breki. Mithali 11 inaanza na mizani ya hadaa, kwamba ni chukizo kwa Bwana, na hapo anayeibiwa anapoteza unga au sukari. Mteja wenu anatoka hapo na watoto kwenye kiti cha nyuma akiamini gari inasimama. Hilo si suala la wewe kuonekana mtakatifu kuliko wenzako. Ni uhai wa watu.

Lakini naelewa kwa nini unashindwa kusema. Tazama Petro alipoangukia. Palipokuwa na askari bustanini alichomoa upanga. Alimkana Bwana uani, anaota moto wa makaa pamoja na watumishi, na aliyemuuliza ni kijakazi tu. Usiku ule ulikuwa wa baridi, na wale ndio waliokuwa na moto. Wenzako ndio waliokufundisha kushika spana, ndio mnaochangia ugali wa mchana. Kukosana na mtu mbaya ni rahisi. Hawa unawapenda, na wao wanakupenda kwa namna yao.

Basi fanya kama Danieli kule Babeli. Alikikataa chakula cha mfalme, lakini hakuwahubiria waliokila. Alikwenda kwa msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji. Wewe pia mtafute fundi mkuu asubuhi kabla wateja hawajajaa, mkiwa wawili tu. Mwambie: “Bosi, nipe oili, nipe filta, nipe kazi ngumu yoyote. Breki ya msasa mimi sitaifunga, na mteja akiniuliza sitamdanganya.” Usimtaje mtu. Ile elfu tano mrudishie aliyekupa, mkononi, usimtupie mezani mbele za watu. Kama mwenye gereji hajui mchezo huu na mambo hayabadiliki, ana haki ya kujua, maana jina linaloharibika ni lake.

Danieli pia alikuwa na wenzake watatu. Wewe una kwaya nzima. Chagua hata mmoja umweleze jambo hili lote, tena kabla hujaongea na fundi mkuu, ili siku hiyo awepo mtu anayejua unapitia nini.

Na kuhusu kufukuzwa, sitakuahidi kwamba haitatokea. Yaweza kutokea. Ndiyo maana nataka ushughulikie cheti tangu sasa. VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti bila kuanza chuo upya. Nenda chuo chao hapo Mwanza, uliza masharti, ada na tarehe za upimaji. Mwombe pia mchungaji wako barua ya utambulisho, maana mwenye gereji mwingine atataka kwanza kujua nani anakufahamu.