Je, methali za Kituruki zinatumika kweli mitaani?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama methali tunazozisikia kwenye tamthilia za Kituruki zinasemwa kweli huko au ni mapambo ya watunzi. Nimesoma Konya, mji wa Uturuki, nikapanga uraiani badala ya bweni. Zinasemwa sana, na zenye nguvu kuliko zote ni za ujirani.

Mtu akitafuta nyumba tu ataambiwa "Ev alma, komşu al": usinunue nyumba, nunua jirani. Ninayoipenda zaidi ni "Komşu komşunun külüne muhtaçtır", jirani humhitaji jirani hata kwa majivu. Zamani maji ya majivu yalifulia nguo na kuoshea vyombo, kwa hiyo hata majivu yaliazimwa. Leo sabuni zimejaa madukani, lakini mama wa ghorofa ya chini aliitamka kila nilipomwomba kitu, tena akinigombeza kwa nini nimekaa na shida kimya. Mwezi wa Muharram alipika aşure, uji mzito wa ngano, dengu, maharage na matunda makavu, akagawa bakuli mlango kwa mlango. Bakuli la jirani halirudi tupu. La kwangu lilirudi na maandazi, akataka nimfundishe kuyapika.

Ya kahawa nayo usiichukulie juujuu: "Bir fincan kahvenin kırk yıl hatırı vardır", kikombe kimoja cha kahawa kina heshima ya miaka 40, yaani hata wema mdogo hukumbukwa miaka mingi. Kahawa huchemshwa taratibu kwenye cezve, kisufuria chenye mpini mrefu, mpaka povu lipande. Povu hugawanywa kwanza vikombeni, ndipo kahawa imiminwe. Wazee wakisuluhisha ugomvi huikumbusha methali hiyo, na nimeona watu wazima wakishusha sauti.

Za pesa zinafanana na zetu. "Damlaya damlaya göl olur" ni haba na haba hujaza kibaba, basi.

Nyingine zina kisa nyuma yake, nakushauri ujifunze na kisa chake. "Parayı veren düdüğü çalar", atoaye pesa ndiye apulizaye filimbi, inatokana na kisa cha Nasreddin Hoca, mzee mcheshi mwenye hekima wa hadithi za Kituruki, ambaye kaburi lake liko Akşehir, mkoa huohuo wa Konya. Alipokuwa anakwenda sokoni watoto wote walimwagiza filimbi, mmoja tu akampa pesa. Jioni Hoca alirudi na filimbi moja.