Dawa ya tumbaku kwenye nyanya: nichume lini?

SWALI: Ninalima nyanya karibu na Bweyale, Uganda. Vidukari walinizidi, nikaloweka majani makavu ya tumbaku usiku kucha, nikachuja, nikaongeza sabuni na kupiga. Wadudu walikufa, ila jioni ile nilishikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Sasa majani ya nyanya yana mabaka, kijani kilichokolea na kilichopauka. Kwa kuwa dawa ni ya asili, naweza kuchuma kesho nikauze?

JIBU: Usichume, dada yangu. Nyanya zilizokuwa zimeiva siku ile ya kupiga, zitupe.

Kizunguzungu kile hakikuwa cha jua. Ni nikotini, sumu ya mishipa ya fahamu, nayo hupenya ngozi. Waulize wanaochuma tumbaku huko Bunyoro na West Nile: majani yakiwa na umande, mtu hurudi nyumbani akitapika. Wewe uliikamua sumu hiyo ndani ya maji, ukaibeba mgongoni kwenye bomba linalovuja.

Mabaka nayo yananitia shaka kubwa ya virusi vya mozaiki ya tumbaku. Hukaa hai hata ndani ya majani makavu, na nyanya, pilipili na biringanya zote huugua. Dawa yake hakuna. Ng'oa miche yenye mabaka, ichome, kisha nawa mikono na kuosha visu kwa sabuni kabla ya kugusa mizima.

Neno linalonichosha kila wiki ni hilo, "ya asili". Watu wanalisema kana kwamba mti hauna sumu. Muluku, kichaka mnachokipanda kufukuza fuko, una sumu iitwayo rotenoni, na tangu zamani wavuvi waliutwanga wakaumwaga majini ili samaki waelee. Mtu anaosha bomba alilopigia dawa ya muluku kando ya bwawa lake, asubuhi analia samaki wamekufa. Na hakuna awezaye kukuambia kwa haki usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, kwa sababu ukali wa ndoo yako haujapimwa na yeyote. Majani mawili zaidi, usiku mmoja zaidi, na dawa imekuwa nyingine.

Kwa vidukari wachache maji ya sabuni yanatosha, yakiwagusa wenyewe chini ya majani. Mwarobaini nao unafaa: twanga mbegu, maana ndizo zenye nguvu kuliko majani, loweka, chuja, piga jioni kwa sababu jua huiharibu haraka. Lakini mwarobaini hauangushi mdudu papo hapo. Humfanya aache kula na ashindwe kujivua gamba, akafa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo muuzaji wa sokoni akikuonyesha chupa isiyo na lebo, akaapa ni mwarobaini mtupu na viwavi wataanguka dakika hiyo hiyo, muulize ameongeza nini humo. Wengi niliowauliza walifunga mfuko wakaondoka.