Ubadili prosesa au kadi ya grafiksi? Pima kwanza kabla hujashuka Kariakoo

Karibu kila wiki kuna mtu ananipigia, "kaka, kompyuta yangu inakwama kwenye gemu, ninunue kadi gani?" na mimi swali langu la kwanza ni lile lile, umejuaje kama tatizo ni kadi? Wengi wananyamaza. Siwalaumu, mimi mwenyewe sikujua na iliniuma sana mfukoni.

Mashine yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile tower, mtumba wa maofisini, ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-4570 na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya 8GB. Nilianza na kadi ndogo ya GT 1030, sasa gemu ya GTA V ikawa inasuasua hasa ukiwa mjini na gari iko kasi, nikadunduliza miezi minne nikachukua GTX 1050 Ti, nikaifunga usiku ule ule. Picha zikawa kali kweli, vivuli, maji, kila kitu nimepandisha, ila nikiingia mjini tu yale yale, gari inaganda kidogo halafu inaruka mbele ushagonga nguzo. Nilizima nikaenda kulala na sikulala.

Kesho yake fundi mmoja wa mtaani kwetu akaniambia kitu ambacho ningekijua mapema nisingehangaika. Cheza gemu mpaka pale panapokwama, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager ya Windows, nenda sehemu ya grafu (Performance) uangalie CPU, yaani prosesa, na GPU, yaani kadi, zinatumika asilimia ngapi. Yangu CPU ilikuwa imegota 100, kadi mpya iko 50 na kitu imetulia tu inasubiri kazi. Halafu akasema shusha resolusheni ya gemu (ukubwa wa picha) kutoka 1080 mpaka 720 ucheze pale pale. Hiki kipimo nakipenda kuliko vyote na ni bure: fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda sana ujue kadi ndiyo ilikuwa imezidiwa, zisipopanda ujue ni prosesa, kwa sababu kupunguza ukubwa wa picha kunaipunguzia kazi kadi, prosesa bado inahesabu magari na watu wale wale. Zangu hazikusogea.

Ila usidanganyike na namba moja ya CPU. Inaweza kusoma 60 ukaona ina nafasi, kumbe kori moja (prosesa imegawanyika kwenye kori kadhaa zinazofanya kazi sambamba) imejaa kabisa na gemu inaisubiri hiyo hiyo. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya grafu uiambie ikuonyeshe kila kori peke yake.

Na kabla ya kununua chochote fungua kasha utoe vumbi. Prosesa ikipata moto inajipunguzia kasi yenyewe. Nilipotoa feni yangu ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa, nikaisugua na spiriti nikapaka mpya, joto likashuka, kukwama kukapungua kidogo lakini hakukuisha. RAM nayo iangalie, vipande viwili vya 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 8.

Nikaamua prosesa. Hapa sasa ndio watu wanapotea, maana Intel wanabadilisha soketi (tundu la kukalia prosesa) kila baada ya muda, ya kwangu ni LGA1150 kwa hiyo siwezi kuchukua i7 ya kizazi cha 6 nikaichomeka, haikai. Kwangu iliyofaa ni i7-4770 iliyotumika, kori 4 kama i5 yangu lakini kila kori inashika kazi mbili kwa pamoja. Wenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za AMD zenye soketi ya AM4 mna bahati, ukiboresha BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) nyingi zinapokea prosesa mpaka Ryzen 5000, huhitaji kubadilisha mazabodi wala RAM. Lakini kama kwako prosesa mpya inadai mazabodi mpya na RAM mpya, piga hesabu ya vyote vitatu, sio ya prosesa peke yake.

Usiku wa kwanza na i7 nilizunguka mji mzima bila kugonga nguzo. Nilifurahi jamani. Nikafungua grafu, zimegeuka: prosesa 70 hivi, kadi 97. Kwa hiyo sasa kadi ndiyo inabana na hela inayofuata inaenda huko, ila pawa saplai yangu ni ya wati 290 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, lazima nipate kadi inayotosheka na wati 75 za kwenye mazabodi, mfano GTX 1650 zile zisizo na tundu la waya. Jumamosi niliiona moja dukani, muuzaji akaapa haihitaji waya, nikamwomba afungue boksi nikaigeuza kuangalia ubavuni, tundu lipo. Nikamrudishia.